Fyuzi ya Thelathini

Ilagala iko pale Mto Malagarasi unapojimwaga katika Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi mwenye gari aliyetaka kuendelea kusini kuelekea Kalya alipanga foleni, akapanda pantoni, akavukia Kajeje. Na pantoni haina nafasi ya kuchezea. Magari yakishapangwa ubavu kwa ubavu, baharia hapigi hodi. Anapita akisukuma saidi mira kwa kiganja, moja baada ya nyingine, zilale.

Kwenye gari la zamani hilo si neno. Dereva tunayemzungumzia alikuwa na Toyota Noah, na saidi mira zake zilijikunja zenyewe kwa swichi. Vitu hivyo ni vya Wajapani, na kwao vina sababu. Hadi 1983 magari yao yalitakiwa kuwa na vioo juu ya fenda za mbele, si mlangoni. Viliporuhusiwa kuhamia mlangoni vikaanza kugombana na maegesho yao finyu, na mwaka 1984 Nissan Laurel ikatoka na vioo vinavyojikunja kwa umeme. Leo mitumba mingi ya Kijapani inateremka Dar es Salaam ikiwa navyo, na wanunuzi wengi hawaulizi ndani mna nini.

Ndani mna mota ndogo ya volti 12, gia za plastiki, na springi nene inayoruhusu kioo kulala kikigongwa ili kisivunjike. Kwa hiyo baharia hakuharibu kitu. Kioo kikishasukumwa kwa mkono, kinakuwa kimepotezana na gia zake. Bonyeza swichi, kikunje hadi mwisho, kifungue hadi mwisho. Kitalia krrr kidogo, kisha tak! Hapo vimeshakutana. Dereva wetu alisikia krrr, akaiogopa, akawa anakirudisha kioo kwa mkono huku mota nayo inasukuma upande wake. Alifanya hivyo kila alipovuka, mpaka meno ya gia yakalika.

Akaenda kwa fundi wa kijiweni. Fundi alikibandua kioo vizuri tu, akafungua skrubu, akaziona gia. Grisi hakuwa nayo. Mawese, ambayo Kigoma hayakosi, yalikuwepo. Akapaka. (Mawese ni matamu kwenye maharage. Kwenye gia yanaganda asubuhi ya baridi, yanayeyuka jua likiwaka, na vumbi lote la barabara linanasa humo.) Baada ya siku chache mlango ulikuwa na mchirizi mwekundu kutoka kwenye kioo hadi kwenye kitasa.

Lakini kosa lililokuja kumgharimu halikuwa mawese. Wakati wa kurudishia skrubu, waya mmoja ulibanwa kati ya kava na chuma cha egemeo. Kioo kikijikunja, chuma kinaukwaruza. Ganda likatoboka, fyuzi ikakatika, na redio ikanyamaza palepale, kwa sababu kwenye Toyota nyingi vioo na redio vinakula fyuzi moja. Akaweka nyingine, nayo ikakatika.

"Fundi, hii gari inakula fyuzi."

"Bosi, hizi ndogo hazina nguvu. Tuweke ya thelathini, utasahau."

Kweli alisahau. Fyuzi imewekwa iwe dhaifu kuliko waya wake, ili waya ukipata shoti ife yenyewe kwanza. Ukiweka ya ampea 30 mahali pa ndogo, kitakachokufa kwanza ni waya, na waya haufi kimya. Ule wa kioo ni mwembamba, na unapita katika mpira wa kwenye bawaba za mlango pamoja na waya za kioo cha dirisha na za loki. Siku moja, gari likiwa katikati ya pantoni, limejaa abiria na madumu ya mawese, alibonyeza swichi. Kwanza ilikuja harufu ya plastiki, kisha moshi ukatoka kwenye mpira wa mlango. Watu wakarukia upande mmoja, jambo baya sana kufanya juu ya maji. Aliyeokoa ni baharia: alifungua boneti akang'oa kichwa cha betri.

Waya zote za mlango ule zilibadilishwa. Mota, ilipopimwa kwa betri moja kwa moja, ilizunguka vizuri kabisa, mbele na nyuma. Kilichokuwa kimekufa tangu mwanzo ni meno machache ya gia ya plastiki, na hiyo hupatikana kwenye saidi mira yoyote iliyovunjwa ya gari la aina hiyo.

Wewe unayeendesha gari la namna hii, soma namba zilizoandikwa kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Fundi akikushikia fyuzi iliyo kubwa kuliko namba hiyo, mwombe akurudishie funguo.