Mkono Ulioinuliwa Ni wa Nani?

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa na shida ya nyama. Steki zilienda kwa wanajeshi, na akina mama wa nyumbani wakaombwa wapike moyo na figo. Sisi tunaokula matumbo bila wasiwasi tunaweza kucheka, lakini wao waliona kinyaa.

Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka wa 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, alijaribu njia mbili. Akina mama wengine walipewa mhadhara kuhusu lishe na vita. Wengine walijadiliana wenyewe kwa wenyewe, kisha wakaulizwa nani yuko tayari kujaribu, wakainua mikono. Baadaye, katika kundi la mhadhara waliopika walikuwa asilimia 3 tu. Katika kundi la mjadala, asilimia 32.

Funzo la Lewin ni kwamba mtu habadiliki kwa sababu ameambiwa ukweli. Hubadilika pamoja na wenzake.

Sawa. Lakini jibu lilikuwa limeshapikwa kabla ya akina mama kuketi. Aliyeongoza mjadala alijua anataka wafike wapi. Sasa ule mkono ulioinuliwa, ni wa nani? Kama umewahi kukaa kwenye semina ya kazini, viti vimepangwa duara, mwezeshaji anaomba maoni na wewe unajua kabisa wakubwa walishaamua, basi swali hili unalijua.

Utaniambia hakuna aliyelazimishwa. Kweli. Ila kukataa mbele ya wenzako wote si rahisi, na njia hiyo hiyo inayouza figo inaweza kuuza chuki.

Mwaka wa 1946, huko Connecticut, Lewin aliendesha mafunzo ya kupambana na ubaguzi. Kila jioni watafiti walikutana kuzungumzia walichoona kwa washiriki. Siku moja washiriki wachache wakaomba kuingia, na Lewin akakubali. Mama mmoja akasikia mambo yake yakielezwa, akapinga: haikuwa hivyo. Mabishano yale yakawa somo kubwa kuliko ratiba yote, na ndipo yakazaliwa mafunzo ya vikundi yaliyoenea duniani baada yake.

Kwangu mimi, mpaka uko pale mlangoni. Ukitaka kunibadilisha, nifungulie chumba mnachonijadili, na nikisema mmenikosea, muandike hilo pia.