Aliyekuja Mwisho

Nilipostaafu mwaka 2010, wakufunzi wenzangu walichangishana wakaninunulia kompyuta ya mezani yenye kioo kipana, cha aina iliyokuwa ikienea wakati ule. Siku ya kuniaga mmoja wao alisema kwa mzaha kwamba sasa Mkuu wa Chuo hatakuwa na mtu wa kumkaripia ila mashine. Tulicheka sana. Kompyuta hiyo ndiyo niliyoitumia kuandika sehemu kubwa ya kurasa hizi, na ndiyo iliyonifikisha kwenye swali ninalotaka kulijadili na msomaji: mambo yanapoharibika baada ya mtu mpya kuingia, tuna haki gani ya kumhukumu huyo aliyeingia mwisho?

Mfumo endeshi wake, yaani ile programu kuu inayozipatanisha programu nyingine zote na vyombo vya kompyuta, ulikuwa Windows 7. Kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Januari 2020, na binti yangu, ambaye anafanya kazi ya benki, hakuniacha nipumue. Kila akipiga simu lazima aniulize kama nimeshabadilisha. Basi mwezi wa Machi mwaka 2022 nilimwita kijana mmoja, mtoto wa jirani, mwenye kibanda cha ufundi wa simu na kompyuta karibu na stendi, aniwekee Windows 10. Tulipatana shilingi elfu arobaini. Alifika asubuhi, akanakili kwanza maandishi na picha zangu zote mahali pa usalama, akafuta mfumo wa zamani, akapakia mpya. Alimaliza alasiri, akaniita nije nione.

Nilichokiona kilikuwa kimetanuka. Herufi zilikuwa nene, zenye ukungu pembeni, kama za karatasi iliyoloa. Alama zilizopaswa kuwa duara zilikuwa mayai. Na kijana yule, kwa kutaka kunifurahisha, alikuwa ameirudisha mahali pake picha ya marehemu mke wangu, ile ambayo kwa miaka yote ilikuwa ya kwanza kuonekana kila nilipowasha mashine.

Mke wangu alifariki mwaka 2017 kwa maradhi ya figo. Waliowauguza wagonjwa wa namna hiyo wanajua uso unavyoweza kuwa katika wiki za mwisho. Picha ile ilipigwa miaka mingi kabla ya ugonjwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua. Sasa kioo kilikuwa kimeyavimbisha mashavu yake, kikanirudishia uso wa wodini.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Samahani, Mwalimu. Nadhani mfumo haujakitambua kioo. Programu ya kuendesha kadi ya picha nimeshaiweka, lakini bado. Huenda ni waya. Naomba dakika kumi nikimbie kibandani nikalete waya mwingine tujaribu."

"Waya huu umefanya kazi miaka yote. Asubuhi kabla hujaja picha ilikuwa sawasawa. Kuna mtu mwingine aliyeigusa mashine hii leo?"

Hakujibu. Kijana aliyelelewa vizuri hashindani na mzee nyumbani kwake, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri. Nikamwambia sitamlipa mpaka airudishe kompyuta kama alivyoikuta, na kama hawezi, basi aende zake. Akakusanya vifaa vyake, akaniaga kwa adabu, akaondoka.

Laiti ningeishia hapo. Jioni ile barazani waliniuliza kompyuta imeendaje, nami nikaeleza. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, hoja baada ya hoja, kama mtu aliyezoea kueleza kwa maisha yake yote. Mwenye duka la vifaa vya shule alikuwepo. Alikuwa amekusudia kumpa kijana huyo kazi ya kompyuta zake nne. Wiki iliyofuata alizipeleka kwa mafundi wa mjini.

Wiki tano nilikaa na kioo kile kilivyo. Picha ya mke wangu niliiondoa mwenyewe. Halafu ikaja likizo ya Pasaka, na mjukuu wangu wa kidato cha nne akaja kunitembelea. Hakuuliza nani aliigusa mashine. Alichomoa waya unaotoka kwenye kasha la kompyuta kwenda kwenye kioo, akaumulika kwa tochi ya simu, akasema, "Babu, hapa kuna pini imevunjika." Akaenda kuazima waya kwa jirani mwingine, akauchomeka, akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Duara zikawa duara.

Hapa msomaji aniruhusu nieleze kidogo, maana bila kuelewa jambo lenyewe hataliona kosa langu lilipo. Kichwa cha waya wa aina ile, uitwao VGA, ambao ulianza kutumika katika kompyuta za IBM mwaka 1987, kina nafasi kumi na tano za pini katika safu tatu. (Nyaya nyingi hutengenezwa bila pini moja ya safu ya katikati na hazina dosari yoyote, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi.) Rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja ina pini yake. Lakini ziko pini mbili katika safu ya tatu zisizobeba picha hata kidogo. Tangu miaka ya tisini kazi yake ni kubeba mazungumzo: kompyuta hukiuliza kioo wewe ni nani na una ukubwa gani, nacho hujibu. Moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa kisiki.

Kioo changu kina nukta 1600 kwa upana na 900 kwa kimo, yaani kumi na sita kwa tisa. Mfumo mpya uliuliza, haukupata jibu, ukafanya kama mtu yeyote mwenye busara asiyejibiwa: ukakadiria. Ukachagua nukta 1024 kwa 768, kipimo cha vioo vya zamani vyenye uwiano wa nne kwa tatu. Ukiuchukua mchoro wa nne kwa tatu na kuuvuta ujaze kioo cha kumi na sita kwa tisa, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja. Theluthi moja si kubwa katika herufi. Katika uso wa mtu ni kubwa mno.

Mjukuu wangu alipokuwa akinionyesha kile kisiki ndipo nilipokumbuka. Mwaka 2014 tulipohamia nyumba hii niliuchomeka waya kwa nguvu ukiwa umepinda, pini ikalala. Nikainyoosha kwa koleo, ikakatika. Picha ilikuja, lakini mbaya, nikamwita fundi mwingine wa wakati ule. Yeye hakugusa waya. Alikaa mbele ya mashine kwa muda, akapanga vipimo vya kioo kwa mkono, picha ikakaa sawa, nikamlipa na kumshukuru. Huenda aliniambia habari ya pini. Kama aliniambia, nilisahau. Kwa miaka minane kompyuta yangu ilifanya kazi vizuri juu ya waya mbovu, kwa sababu mtu mmoja alikwisha kuuandikia jibu ambalo waya haukuweza kulileta.

Sasa turudi kwenye hukumu yangu. Je, nilifikiri kijinga? Asubuhi picha nzuri, mchana kijana, alasiri picha mbaya. Nadhani watu wengi wazima wangesema nilivyosema. Lakini mimi nilikuwa na sababu ya kujua zaidi. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu tarajali habari ya mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliyeishi karne ya 18, kwamba macho yetu huona tu jambo hili likifuatwa na lile. Ile kamba ya kuyafunga pamoja, hili lisababishe lile, hatuioni popote, bali akili huiongeza kwa mazoea. Niliufundisha ubaoni kwa mfano wa mipira miwili inayogongana. Nilikuwa naufundisha vizuri. Siku ya kuutumia mezani kwangu haukunijia hata kidogo.

Ipo hoja moja ya kunitetea, nami nakiri nimeing'ang'ania mara kadhaa usiku. Kama kijana asingeweka mfumo mpya, picha isingeharibika. Hilo ni kweli. Lakini yalikuwepo mambo matatu: pini iliyovunjika, mpango uliouficha uvunjifu huo, na kuondolewa kwa mpango huo. La kwanza nililifanya mimi. La pili nililinunua kwa fedha zangu. Kijana alifanya la tatu, ambalo ndilo nililomwita alifanye, maana huwezi kufuta mfumo wa zamani ukabakiza viraka vyake. Tunao msemo kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na tunausema kwa kucheka tukiwa tunachinja kuku. Mgeni wangu alinionyesha mahali nyumba ilipokuwa ikivuja nami nikamtoza gharama ya mvua.

Hata hivyo sidhani kwamba kosa langu lilikuwa kukisia vibaya. Kukisia vibaya ni ugonjwa wa wanadamu wote, na ningejisamehe. Nikiupitia mchana ule kila mara nasimama mahali pamoja: kijana aliomba dakika kumi. Hakuomba aaminiwe wala aonewe huruma. Aliomba tubadilishe kitu kimoja, vingine vyote vikae kama vilivyo, tuone. Ni jambo rahisi ambalo kila mwalimu wa sayansi hulifundisha. Nilimnyima kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya mwaka 2017, wala haikumhusu.

Ningependa kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mwaka 1993, nikiwa katika mwaka wa pili wa ukuu wa chuo, tuliletewa mkufunzi mpya wa Hisabati. Mtu mkimya, mrefu, mwenye baiskeli. Katika mwaka wake wa kwanza matokeo ya Hisabati yaliporomoka, na waliofeli walikuwa wale wale waliokuwa wakifaulu chini ya mkufunzi aliyemtangulia. Wanachuo walinung'unika. Mimi nilitazama miaka miwili, mmoja kabla yake na mmoja naye, nikaona inatosha. Alinijia ofisini akaomba tutoe karatasi za zamani za majaribio tuzisahihishe upya pamoja, yeye na mimi na mkufunzi wa tatu. Nilimjibu kwamba chuo hakina muda wa kuchimbua mambo ya zamani. Niliandika barua wizarani, akahamishiwa mbali.

Mwaka 2009 mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa mwanachuo wetu miaka ile, alinisimulia kwenye kikombe cha chai, kama kichekesho cha ujana, kwamba mkufunzi wa zamani alikuwa akiwapa maswali kabla ya mtihani. "Huyu mpya hakutupa," akasema, "ndiyo maana tukaanguka." Niliuliza huyo mpya yuko wapi siku hizi. Akaniambia alifariki mwaka 2006.

Kwa hiyo, baada ya mjukuu wangu kuondoka, sikusubiri. Nilichukua shilingi elfu arobaini na ule waya, nikaenda stendi kwa miguu. Kijana aliponiona alisimama, akaniamkia. Nikaitikia, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamweleza yote, pamoja na koleo la mwaka 2014. Aliupokea waya, akakitazama kisiki, akatabasamu kidogo kama fundi anavyotabasamu akikutana na kitu alichokitarajia. Fedha alizipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, akiwa bado ameinamia waya, "Na pale barazani, Mwalimu, utawaambia?"

Niliwaambia jioni ile ile. Ilikuwa hotuba fupi na mbaya. Nilirukaruka, nikasahau kutaja pini, ikabidi nirudi nyuma. Walicheka kwa wema wakasema aa Mwalimu, hayo ni mambo ya kompyuta tu, mbona unajisumbua. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya saruji.

Kijana tunaendelea naye vizuri. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na alikuja mwenyewe kunieleza kwamba kompyuta yangu ni ya zamani mno kwa mfumo unaofuata, nisimlipe mtu yeyote atakayeniambia ataniwekea bila matatizo. Picha ya mke wangu ipo mahali pake. Mwenye duka la vifaa vya shule bado anawatumia mafundi wa mjini. Nikipita pale hunikaribisha nipumzike kivulini, na mara mbili nimemweleza tena habari ya pini na waya. Hunisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha hunijibu, "Lakini Mwalimu, si ulisema wewe mwenyewe?"