Habari Ziende na Kurudi

Jumanne ile ya tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba shule zote, tangu za awali hata kidato cha sita, zifungwe kwa siku 30, hapakuwa na nafasi ya kuagana. Siku moja tu ilikuwa imepita tangu kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu. Watoto walikusanya madaftari wakaenda nyumbani, na mwalimu akabaki na ubao ulioandikwa nusu. Zile siku 30 zikageuka kuwa zaidi ya 100. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, bali wadogo wa shule za msingi walingoja hata tarehe 29 Juni.

Wasomaji wapenzi, huenda mtaniuliza: Padre, mbona waturudisha huko? Ugonjwa ule umekwisha kupoa, na mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari imeondoka. Ni kweli. Lakini siku zile zilituonyesha jambo moja juu ya shule na nyumba zetu ambalo lilikuwapo kabla ya ugonjwa, nalo lingalipo hata leo.

Fungueni Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, mwisho wa sura ya pili na mwanzo wa sura ya tatu. Paulo ametengwa na watoto wake katika imani kwa ghafula. Ataka kurudi, amezuiliwa. Je, aketi tu angoje njia ifunguke? Hawezi kuvumilia. Akubali kubaki Athene peke yake, naye amtume Timoteo, msaidizi aliyemhitaji sana. Na sharti tuangalie vema Timoteo ametumwa kufanya nini. Ametumwa kuwaimarisha, maana yake ana neno la kuwapelekea. Tena ametumwa kujua imani yao i hali gani, maana yake ana neno la kumrudishia Paulo. Timoteo aliporudi na habari njema, Mtume aona kama amepewa uhai upya. Habari zilikwenda, habari zikarudi.

Sasa twende pwani yetu ya Tanga. Nchi yetu haikuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingine. Makanisa na misikiti ilibaki wazi, masoko yalibaki wazi, na baba wa Pangani au wa Mkinga aliendelea kushuka baharini kama ilivyo desturi. Mlango uliofungwa ni wa shule. Basi mtoto, aliyejikuta na siku nzima mikononi mwake, alifuata njia za wakubwa: huyu dagoni pamoja na wavuvi, huyu kwenye mihogo na minazi, na yule wa milimani Lushoto kwenye bustani za kabichi. Hakuna ubaya mtoto kumsaidia mzazi wake. Ubaya ni pale kazi inapomzoea mtoto, na mtoto akaizoea kazi, wala pasiwepo mtu wa kumkumbusha kwamba yeye ni mwanafunzi.

Serikali ilipeleka masomo kwa redio na televisheni, na kwa hilo yastahili shukrani. Lakini redio husema na watu wote. Haijui kwamba katika Darasa la Tatu yuko mtoto ambaye hajajua bado kugawanya, wala haiulizi mbona jana hakusikiliza. Ilihitajika sauti imjuayo mtoto kwa jina, nayo ni ya mwalimu wake.

Hebu tumfikirie mwalimu mmoja wa Darasa la Nne katika kijiji cha pwani. Simtaji mtu fulani. Walikuwapo wa namna hii, na wa namna nyingine pia. Ana watoto 70 katika orodha yake. Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo huenda baharini mfukoni mwa baba, imefungwa katika nailoni isilowe. Ujumbe alioutuma saa nne asubuhi husomwa usiku na mtu aliyechoka, na mara nyingi hausemwi kwa mama wala kwa mtoto. Mwalimu mvivu husema, “Nimetuma, shauri yao.” Mwalimu mwenye moyo wa Paulo humtafuta Timoteo wake: mwenye duka, bibi anayelea wajukuu, mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Nayo Tanga ni ya dini zote mbili. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili, na kabla mwezi haujaisha Ramadhani ikaanza. Aliyetaka kuwafikia wazazi wote ilimpasa ajue baada ya Misa watu husimama wapi, na baada ya futari huketi barazani kwa nani.

Habari gani apeleke? Kwamba shule imefungwa? Hilo kila mtu alilijua. Apeleke neno dogo lenye kushikika: mwambie asome kurasa hizi, afanye hesabu hizi tano, nitaziona Ijumaa, na tarehe ya kufungua haijatoka, msisadiki mengine. Maana uvumi ulikuwa mwingi siku zile. Tangu mwisho wa Aprili 2020 hesabu za wagonjwa hazikutolewa hadharani kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na watu wakajazia wenyewe nafasi iliyoachwa wazi, kila mmoja kwa hofu yake au kwa ujasiri wake wa bure. Hata maaskofu wetu iliwabidi waandike barua mwezi Januari 2021 kuwaonya waamini wasijisahau. Shule nayo, ikinyamaza, hupata msemaji asiye wake.

(Nami sina budi kusema kwa pembeni kwamba mji wa Tanga hauna udhuru katika jambo hili. Zamani za Wadachi, mwanzoni mwa karne iliyopita, ni shule ya serikali ya Tanga iliyochapisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likasomwa mbali na mji huo, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ikalinyamazisha. Si lile Kiongozi la Kanisa, lililoanza mwaka 1950. Shule hiyo iliweza kusema na nchi nzima kabla redio haijafika. Shule ya leo ishindwe kusema na kitongoji?)

Ninyi wazazi msifurahi mkidhani nawakemea walimu peke yao. Yuko baba ajuaye bei ya pweza ya leo na ya jana, wala hajui mwanawe yuko mkondo gani. Yuko mama ambaye, akiona namba ya mwalimu, huiacha simu ilie hata inyamaze, akidhani ni michango. Wala simlaumu mama huyo kwa yote: shule ambayo husikika wakati wa michango tu imemfundisha yenyewe kutokupokea. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 796, yawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na yawataka walimu vivyo hivyo wawasikilize wazazi kwa moyo na kuithamini mikutano yao. Mzazi aliyengoja siku zaidi ya 100 bila kuuliza, na mwalimu aliyengoja siku zizo hizo bila kuulizia, wote wawili waliivunja kanuni hiyo, ingawa hakuna aliyewashtaki.

Shule za msingi zilifunguliwa Jumatatu, nayo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akaita majina. Aliyekuwa amepeleka na kupokea habari alijua mapema nani hayupo na yuko wapi: huyu yuko dago, atakuja Alhamisi, yule amepelekwa Dar es Salaam kwa kazi za ndani, inafaa tumwone mjomba wake leo. Aliyekuwa amenyamaza aliita jina, akangoja, akaita tena, kisha akatia alama.

Na baadhi ya majina hayo yalikuwa ya mabinti waliopata mimba katika miezi ile. Kwa desturi ya wakati ule mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwao. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, pamoja na waliozaa, waruhusiwe kurudi. Ilikuwa habari njema kwa binti wa Muheza au wa Handeni aliyekaa nyuma ya nyumba akimbembeleza mtoto. Lakini nani alikwenda kumwambia? Je, mwalimu wake wa zamani? Je, jumuiya yake, iliyosali rozari nyumbani kwao kila juma? Je, sisi mapadre, tuliompa mtoto wake ubatizo na kumwandika katika kitabu?

Mtoto yule sasa amefikia umri wa kwenda shule. Mama yake huja katika kikao cha wazazi akaketi nyuma karibu na mlango, wala hasemi neno. Mwalimu, kikao kikiisha, usimwache aondoke ukiwa umemweleza habari za mtoto peke yake. Mwulize na za kwake.