Je, Kujizuia ni Utumwa?

Ndugu msomaji, mara nyingi husikika watu wakisema kwamba makatazo hupunguza uhai, na kwamba aliye huru kweli ni yule asiyezuiliwa na chochote. Neno hili huwasumbua hasa wale wanaoitafuta njia, kwani huogopa kuwa wakiukubali mpaka watazipoteza nafsi zao. Basi na tulipime.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Leland Hartwell, alihamia Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akachunguza jinsi seli zinavyojigawa. Alichagua hamira, ile ile iumuayo mkate, na kwa miaka mingi zikagunduliwa jeni zaidi ya 100 zinazohusika na kazi hiyo. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waingereza Paul Nurse na Tim Hunt.

Mwaka 1988 yeye na mwenzake Ted Weinert walitangaza jambo la kuzingatiwa sana. Seli za hamira zilizo nzima zikipigwa mionzi ya eksirei hata DNA yake ikakatika, husimama. Hazijigawi mpaka zimetengeneza kilichoharibika. Lakini seli zilizokosa jeni iitwayo RAD9 hazikusimama. Ziliendelea kujigawa pamoja na uharibifu wake, na nyingi zikafa. Kisha watafiti hao wakazizuia kwa dawa kwa muda wa saa chache, na zilizopona zikaongezeka. Maana yake, uwezo wa kujitengeneza zilikuwa nao. Zilichokosa ni kusimama.

Huenda utauliza: Je, tujifunze wema kwa hamira? La, hasha. Seli haijui jema wala baya. Haistahili sifa wala lawama. Lakini dai tulilolipima lilikuwa kwamba kizuizi ni adui wa uhai, na dai hilo limeanguka, maana hapa tumeuona uhai unaookolewa na kizuizi. Hata saratani ni seli zinazojigawa pasipo kutii mipaka. Hazikupungukiwa nguvu, bali zimepungukiwa breki.

Hata hivyo, haifuati kwamba kila kizuizi ni chema. Seli iliyo nzima husimama kwa sababu maalumu, na ikiisha kujitengeneza huendelea na kazi yake. Kizuizi kisicho na sababu wala mwisho ni kifungo. Mwenye kuamrisha wengine na aukumbuke ukweli huu.

Tena iko tofauti kubwa baina yetu na seli: yenyewe husimamishwa na maumbile, lakini mtu husimama kwa hiari yake. Aliyetukanwa akanyamaza kitambo kabla ya kujibu hakuupoteza uhuru wake, ameutumia. Akijibu papo hapo, hasira ndiyo iliyomjibia.

Basi, ndugu yangu, ukikutana na katazo, usiulize tu linakunyima nini. Uliza pia lina sababu gani, na ni kitu gani ndani yako kinachohitaji muda wa kutengenezwa. Ukiisha kupata majibu yote mawili, hapo ndipo uamue.