Nishani ya Jeraha

Watu hutafuta elimu, mali na cheo. Hakuna atafutaye jeraha. Hata shujaa aendaye vitani huomba arudi mzima. Walakini mataifa kadha wa kadha yamefanya nishani kwa ajili ya majeruhi na waliouawa vitani, na nishani hizo aghalabu huheshimiwa kuliko nyingi zitolewazo kwa ushindi. Jambo hili lataka kufikiriwa. Ikiwa sifa ni thawabu ya tendo jema lililokusudiwa, mtu asifiweje kwa risasi ambayo hakuikusudia, iliyotoka katika bunduki ya adui? Na aliyekufa, ambaye hana tena kifua cha kutundikia nishani, hupewa nini?

Mifano haikosekani. Mwaka 1782 George Washington alitoa kwa askari wake alama ya kitambaa yenye umbo la moyo, rangi ya zambarau, kuwa tuzo ya utumishi bora. Mwaka 1932 Marekani iliifufua alama hiyo, na leo ni nishani ya waliojeruhiwa au kuuawa na adui. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilipeleka kwa jamaa za waliokufa kisahani cha shaba chenye jina la marehemu. Na wananchi, kwa uchungu wao, wakakiita senti ya maiti. Umoja wa Mataifa nao, tangu mwaka 1997, una Medali ya Dag Hammarskjöld kwa walinzi wa amani wafao kazini: kioo chenye umbo la yai, kilichochorwa jina la marehemu na tarehe ya kufa kwake. Tanzania yaijua huzuni hiyo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wake ilishambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakauawa askari wasiopungua 14.

Tuje sasa karibu na nyumbani. Penye mlima Hanang wanaishi Wabarabaig, tawi la Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe. Hapo kale kijana wao aliyemwua simba, tembo, kifaru au nyati alihesabiwa kuwa amemwua adui wa watu. Alivikwa mapambo ya wanawake, akapita kwa ndugu na jamaa, nao wakampa ng'ombe. Heshima ile haikuwa chuma kitupu. Ilikuwa mtamba atakayekua, akazaa, akatoa maziwa. Na kila asubuhi kibuyu kilipojaa, sifa ya kijana ilisemwa tena bila maneno. Kwa hiyo ilizidi nishani nyingi za serikali. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mtu wa kabila jingine naye aliweza kuhesabiwa adui. Basi mkuki uliotafuta sifa mara nyingine ulimpata jirani asiye na kosa, Mwiraqw wa Mbulu au Mnyaturu. Serikali ya kikoloni iliita tendo hilo mauaji, na serikali ya taifa huru ikaliita vivyo hivyo.

Wasomi wasicheke desturi hiyo, maana majeshi yenye vyuo na maktaba yamefanya kama hiyo kwa maneno mazuri zaidi. Heshima yoyote impatayo mtu kwa kuua humfundisha kijana kutafuta wa kuuawa. Hapa ndipo nishani ya jeraha inapojitenga na nishani nyingine. Haiulizi, 'Umemwua nani?' Huuliza, 'Umetoa nini?' Haiwezi kuwindwa, kwa kuwa hapana mwenye akili atakayeliwinda jeraha lake mwenyewe. Haipambanui hodari na mwoga, jemadari na mpishi wa jeshi. Kwa sababu hiyo haiwezi kuwa thawabu ya ushujaa, na wenye kuieleza hivyo huikosea.

Ni nini basi? Nasema ni hati ya deni. Thawabu hufunga hesabu baina ya mtoaji na mpokeaji. Hati ya deni huifungua. Taifa limtundikiapo kiwete nishani hukiri mbele ya watu kwamba mguu ule ulipotea kwa ajili yake. Anayeng'arishwa na nishani ni aliyeivaa. Anayefungwa nayo ni aliyeitoa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na dawa ya deni kulipa.

Kwa kipimo hicho tuipime historia. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya Watanganyika walivaa sare ya King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi na Burma. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bakhshishi ya kuagwa ilipangwa kwa rangi: askari Mwafrika alipata yapata theluthi tu ya aliyopata Mzungu mwenye cheo kama chake. Medali zilikuwa kifuani mwao, na jua liliziangaza. Lakini aliyekiri deni kwa shaba kisha akalipunja kwa fedha, hadhi yake hushuka chini ya mdaiwa aliyenyamaza, kwani huyu hakumdanganya mtu.

Yaweza kusemwa kwamba damu haina bei, na kuidai malipo ni kuidhalilisha. Ni kweli haina bei. Lakini kutokuwa na bei hakumwondolei mdaiwa wajibu, humzidishia. Mjane hadai bei ya mumewe. Adai ada ya shule, dawa ya mtoto, na jina la marehemu lisifutwe.

Kuhusu jina, Hanang ina somo jingine. Mzee mwenye heshima afapo, Wabarabaig hujenga juu ya kaburi lake kichuguu kirefu cha udongo kiitwacho bung'eda. Ujenzi huchukua miezi, nao ni kazi ya ukoo na majirani, tabaka juu ya tabaka. Hapana mtu mmoja awezaye kuitoa heshima hiyo kwa mkono mmoja na kwa siku moja. Tangu miaka ya 1970 uwanda wa Basotu uligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na matrekta yakapita juu ya makaburi kadha wa kadha ya namna hiyo. Waliolima hawakuwachukia wafu. Hawakujua tu kwamba pale palikuwa na deni. Hiyo ndiyo hatari ya kila ukumbusho: mkono wa asiyejua waweza kuufuta bila chuki yoyote.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Tanzania huweka mkuki na ngao penye mnara wa kumbukumbu. Silaha hizo ni za mababa zetu wote, wa Mbulu na wa Hanang pia, na ni vyema zilazwe chini kwa ajili ya wafu badala ya kuinuliwa kwa ajili ya sifa. Lakini jua huchwa, na gwaride hutawanyika. Thamani ya nishani haijulikani siku inapovishwa. Hujulikana miaka ishirini baadaye, mtoto wa marehemu anapobisha mlango wa ofisi na nishani ya baba yake mkononi: karani akiinuka na kumpa kiti, nishani ile ni dhahabu, akimwuliza, 'Hiki ni nini?', ni chuma.