Swala ya Anayejihisi Yuko Mbali na Nafsi Yake

Ndugu zangu katika imani, mwenye maradhi ya nafsi yaitwayo bodalaini, akizidiwa na hofu ya kuachwa, huweza kujihisi yuko nje ya mwili wake. Anausikia ulimi wake ukisoma Fatiha kana kwamba ni wa mtu mwingine. Je, swala hiyo ni ya nani?

Naona ni yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili. Huyu akili anayo. Kilichomtoka ni hisia. Na nia ni kukusudia, si kuhisi.

Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili. Basi hapa Mpumudde tusimwite mnafiki. Tumsindikize hospitali ya rufaa, Jinja au Mbale, kisha tusimame naye safuni.