KIDOLE CHA MTOTO

Masomo: Luka 1:57-66, Marko 7:31-37

Wapendwa katika Kristo,



Siku mtoto wa Elisabeti alipopewa jina, baba yake Zakaria alikuwapo, lakini hakuwa na sauti. Jamaa wakamwashiria, naye akaomba kibao akaandika. Twapenda kuhubiri habari za ulimi wake uliofunguliwa. Leo tutazame kwanza ile hali kabla ya ulimi kufunguliwa. Katika nyumba ile walikuwamo wawili wasioweza kusema, mzee na mtoto mchanga, na wote wawili walikuwa na neno la kupeleka.

Mtoto anapozaliwa macho yake huona vizuri umbali wa kama sentimita 20 hadi 30 tu. Mama anyonyeshaye apime mwenyewe: ndio umbali kati ya titi na uso wake. Basi kitu cha kwanza Mungu alichompa mtoto kukisoma ni uso wa mama. Yapata wiki ya sita mtoto hujibu uso huo kwa tabasamu. Karibu na miezi tisa, mama akigeuka kutazama mlangoni, mtoto naye hugeuka. Na karibu na kutimiza mwaka, kabla hajajua kusema, hunyosha kidole. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha uchunguzi wa watoto wa jamii saba zilizo mbali mbali, zikiwamo za Japani, Peru na Papua New Guinea. Kote walikuta watoto wa umri huo wakionyesha kwa kidole. Kabla lugha hazijatutenga, sote tulianza na neno moja.

Lakini kidole hicho kina maneno mawili. Mtoto akionyesha kikombe cha uji, asema, "Nipe." Siku nyingine aonyesha ng'ombe wanaorudi jioni, kisha anakugeukia akutazame usoni. Hataki umpe ng'ombe. Asema, "Tazama nawe." Akiona umetazama, anaridhika. Nawe ukimjibu, "Ndiyo, ng'ombe hao," umempa neno wakati uleule anapolihitaji. Hivyo ndivyo lugha hujengwa.

Sasa tujitazame sisi tukaao Shinyanga na Geita. Wako mama zetu wanaoponda mawe ya dhahabu tangu asubuhi, mtoto yuko mgongoni au chini ya turubai, karasha linanguruma. Wako baba zetu wanaoshinda kwenye maduara majuma mazima. Siwalaumu, maana ndiko chakula kinakotafutwa. Nasema tu kwamba mtoto naye yuko kazini. Anaonyesha, anangoja uso, na uso hauji. Jioni tukifika nyumbani twashika simu, naye anaendelea kungoja.

Kuna jambo zito zaidi. Zebaki tunayoichoma ili kupata dhahabu hutoa moshi usioonekana vizuri. Moshi huo huingia mwilini mwa mama mjamzito na kumfikia mtoto tumboni, ukadhuru ubongo wake unaojengwa. Ndugu zangu, zebaki isichomwe nyumbani, wala kwenye jiko la kupikia, wala karibu na mjamzito au mtoto. Tusiuze macho ya mtoto kwa punje ya dhahabu.

Nami nina ungamo. Miaka iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Alisema, "Mchungaji, huyu nikimwita hageuki, wala haonyeshi kitu." Nikamjibu, "Tulia, mama. Watoto wa kiume huchelewa kusema." Nikaomba, nikaondoka. Majirani wakasema amelogwa, akafichwa ndani. Alikuwa na zaidi ya miaka mitatu alipopimwa, na ikajulikana kuwa hasikii. Kuomba kwangu hakukuwa kosa. Kosa langu ni kwamba nilifumba macho kuomba pale nilipopaswa kwanza kuyafumbua. Leo mama yule amejifunza lugha ya alama. Mwanawe huonyesha kitu, naye humpa jina lake kwa mikono. Hawachoki.

Mtazameni Bwana wetu katika Marko 7. Walipomletea kiziwi, hakuanza kwa kumhubiria. Alimtenga na kelele za mkutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Alisema naye kwanza kwa lugha ambayo yule mtu angeweza kuiona. Mwana wa Mungu alinena kwa kidole na kwa jicho, nasi tunaona haya kupiga magoti mbele ya mtoto?

Basi, wazazi wenzangu, mtoto akitimiza mwaka bila kugeuka anapoitwa, au akifika miezi kumi na minane bila kuonyesha wala kukutafuta usoni, mpeleke kliniki, uombe apimwe masikio. Usimfiche. Si laana, wala si aibu ya ukoo. Serikali yetu nayo ilizindua mwezi Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka sifuri hadi minane. Mkumbusheni mhudumu wa afya wa kijiji chenu, na Umoja wa Mama uwatembelee wazazi wenye watoto wachanga.

Na juu ya sala zetu: nyingi ni kidole cha kwanza, "Nipe." Baba hakasiriki, maana anajua tuna njaa. Lakini mtoto wa Zakaria alipokua, alimwonyesha Yesu kwa watu bila kujitakia kitu. Alitaka tu nao watazame. Hicho ni kidole cha pili, na jina lake ni sifa. Juma hili, kila siku, mwonyeshe Mungu jambo moja jema bila kumwomba chochote. Na mtoto akikuonyesha ng'ombe, geuka utazame.

Tuombe. Ee Baba, uliyetutazama kabla hatujajua kukuita, utupe macho ya kuwaona wadogo wasio na sauti, na mikono ya kuwajibu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndimi ndugu yenu na mchungaji wenu.